Awezaye si Aruhusiwaye

Wako wafasiri wa siku hizi, na waalimu wawafundishao, walioshika kanuni moja wasitake kuiachia. Kanuni yenyewe ni hii: kila likutanapo katika Kiingereza neno la kurejea, kama "who", "which" au "that", na kitenzi kisaidizi, kama "can", "may", "must" au "would", basi Kiswahili na kiandike "ambaye", kisha "anaweza" au "lazima". Mwanafunzi afuataye kanuni hiyo hupewa alama zake, akaenda zake akidhani kwamba amefasiri. Kwa kweli amehesabu maneno tu. Maana hakuigusa.

Kanuni hii ina kasoro tangu upande wa Kiingereza, kabla Kiswahili hakijatiwa mkono. Vitenzi visaidizi vya Kiingereza ni maneno ya kale yaliyohama maana zao. Asili ya "can" ni kujua. Asili ya "may" ni kuwa na nguvu. "Shall" ilikuwa kuwiwa deni, na "will" ilikuwa kutaka. Leo kila kimoja chao kimebeba mizigo miwili au mitatu: uwezo, ruhusa, wajibu, dhana, nia. Msomaji wa Kiingereza hupambanua mizigo hiyo kwa muktadha. Mfasiri asiyeipambanua hawezi kudai kwamba amesoma.

Mifano haiko mbali. "The man who must pay" ni mtu apaswaye kulipa. Lakini "the man who must be her brother" hana wajibu wowote: msemaji ameziona sura mbili zinazofanana, akakisia. Aandikaye "mtu ambaye lazima awe kaka yake" amemtoza mtu undugu kama atozwavyo kodi. Msemaji alikusudia mtu aliye kaka yake bila shaka. Kadhalika "the child who would not eat". Mwenye kanuni huandika "mtoto ambaye asingekula", naye mtoto wa kweli, aliyekaa mbele ya sahani jana usiku akafumba kinywa, hugeuka kuwa mtoto wa kubuniwa, wa laiti na kama. Kumbe Mwingereza amesema neno jepesi kabisa: mtoto aliyekataa kula. Hapo "would" ingali na damu ya asili yake, yaani kutaka na kutotaka.

Tena watu hawa wakidai kwamba wanakifuata Kiingereza neno kwa neno, hata dai hilo si kweli. Kiingereza cha kila siku, kisemwacho sokoni, kazini na mezani, hulitupa neno la kurejea kila kipatapo nafasi. Mtu wa London husema "anything I can do" na "the man you should see". Hapana "which" wala "whom". Sarufi ya Kiingereza yaruhusu kuliacha neno hilo likiwa ni lenye kutendwa, na wasemaji huliacha bila ya kufikiri. Ndipo mfasiri wetu hutokea na kuandika "kitu chochote ambacho ninaweza kufanya". Hiyo "ambacho" ameitoa wapi? Katika Kiingereza haimo, na Kiswahili hakikuiomba. Mtu mwungwana akutaye jirani yake katika msiba huuliza, "Nikusaidieje?" au "Liko la kufanya?" Maneno mawili matatu, na heshima yote imo ndani yake.

Liko na jambo la pili wasilolitazama. Mwingereza akitaka kufupisha maneno ya kurejea husema "the man sitting there", akaacha "who is". Lakini "who can" na "who must" hazifupishiki kwa njia hiyo, kwa kuwa vitenzi hivyo havinyambuliki: hakuna asemaye "to can" wala "musting". Basi lugha ya kila siku imepita njia nyingine. Husema "water to drink", na uwezo umejificha ndani yake. Husema "the person to ask", na wajibu umejificha ndani yake. Kiswahili kina njia iyo hiyo tangu zamani, wala hakuna aliyekiazima: maji ya kunywa, mtu wa kuulizwa, neno la kusema, siri ya kutunzwa. Katika "maji ya kunywa" hakuna "ambayo" wala "weza", na mwenye kiu hajapata kulalamika kwamba hakuelewa.

Zaidi ya hayo Kiswahili kina hazina isiyo na mfano wake katika vitenzi vya Kiingereza, yaani mnyambuliko wa -ika na -eka. Njia isiyopitika, mwandiko usiosomeka, deni lisilolipika, mtu asiyesemezeka. Neno moja limekusanya urejeo, uwezo na ukanushi. Mwenye kanuni huiacha hazina hiyo kabatini akaandika "njia ambayo haiwezi kupitwa", kana kwamba njia imeingia katika mashindano ya mbio na wote waliobaki wako nyuma yake.

Wako watakaojibu kwamba "amba-" ni neno la Kiswahili halisi, nalo lina kazi yake. Hayo ni kweli, wala hakuna alishutumuye. Neno hilo latokana na kitenzi cha kale, kuamba, yaani kusema, na ndugu zake ni "ambia" na "kwamba". Kuna mahali ambapo hapana budi nalo. Kiungo cha -o kinakubali kukaa pamoja na -na-, -li- na -taka-, na katika ukanushi pamoja na -si-. Hakikubali kukaa pamoja na -me- wala -nge-. Mtu ambaye angekuja hana namna nyingine ya kuja. Na dawa ambayo huenda ikaleta usingizi haina budi kutangulizwa hivyo, kwa kuwa "huenda" haipokei kirejeo. Lawama basi haiko juu ya neno. Iko juu ya mwandishi alifanyaye neno hilo kuwa mkongojo ilhali miguu yake ni mizima. Na hiyo -taka- yenyewe ni somo: wakati ujao wa Kiswahili umetokana na kutaka, sawasawa na "will" ya Kiingereza, na katika "atakayekuja" neno zima la kale limehifadhiwa. Lugha mbili zilizozaliwa mbali mbali zimefikiri fikira moja. Mwalimu aliyepata kumwonyesha mwanafunzi jambo hilo amemfundisha zaidi kuliko kanuni kumi.

Waingereza nao wana kumbukumbu ya kanuni zisizotokana na vinywa vya watu. Mwaka 1653 John Wallis, profesa wa jometri huko Oxford, alitoa sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini. Humo aliagiza kwamba katika kutabiri nafsi ya kwanza itumie "shall", na nafsi ya pili na ya tatu zitumie "will". Vizazi kwa vizazi vya watoto wa shule vikakaririshwa. Lakini maongezi ya kila siku yalishika njia yake, na leo "I will" na kifupi chake "I'll" husikika kila mahali bila ya mtu kushtuka. Kanuni ilidumu vitabuni, lugha ikadumu midomoni.

Ingekuwa shauri hili ni la madarasa tu, lingeweza kuachwa. Lakini mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, nyingine tangu enzi ya utawala wa Waingereza, nazo zilihitaji kufasiriwa. Katika sheria hizo neno "may" ni neno la mamlaka. "An officer who may search a house" ni ofisa aliyepewa ruhusa ya kupekua nyumba. Akiandikwa "ofisa ambaye anaweza kupekua nyumba", limetajwa jambo asilopungukiwa nalo mtu yeyote mwenye mikono miwili. Mwizi naye aweza kupekua nyumba, tena kwa ustadi kuliko ofisa. Na "a person who may not enter" ni mtu aliyekatazwa kuingia. "Mtu ambaye hawezi kuingia" ni mgonjwa wa miguu.

Yasemwa kwamba katika mazungumzo "waweza kwenda" hutosha kuwa ruhusa. Naam, hutosha, kwa sababu mwenye kusema na mwenye kuambiwa wanatazamana, na asiyeelewa huuliza. Sheria haina uso wa kutazamwa. Asomaye ni mtu aliyesimama kizimbani, na tofauti ya awezaye na aruhusiwaye yaweza kuwa ndiyo tofauti ya mlango wake kuvunjwa kwa haki au kwa dhuluma. Mfasiri aliyezoeshwa kanuni ile chuoni ataipeleka mpaka huko, wala hatakuwapo siku ya hukumu kueleza alivyokusudia.

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji kitabu kipya. Mwalimu na aiondoe kanuni ubaoni, aandike mahali pake maneno matano: uwezo, ruhusa, wajibu, dhana, nia. Mwanafunzi akutanapo na "who may" au "which must", na asishike kalamu kabla hajachagua moja katika hayo matano. Akiisha kuchagua, Kiswahili kitampa chenyewe umbo la kulisemea: awezaye, aliyeruhusiwa, apaswaye, huenda, atakaye. Na mtahini atoaye alama kwa "ambaye anaweza" pasipo kuuliza ni uwezo gani, huyo ndiye wa kurudishwa darasani kwanza.