Bastola ya Bei Nafuu na Njia ya Kainuk

Ubishi ulizuka barazani kwetu Mombasa baada ya sala ya alasiri, dele la kahawa likiwa bado la moto. Kijana mmoja mwenye duka, ambaye ana nia ya kuomba kibali cha silaha, alikuwa akizisifu bastola za Kituruki, mathalan Canik, kwamba bei yake ni ya chini kuliko Glock ya Austria au Beretta ya Italia, na kazi ni ile ile. Mwenzake akamrudi kwa neno la wahenga: rahisi ghali. Beretta, akasema, ni nyumba iliyofua mitutu tangu 1526, na jina kama hilo halipatikani kwa siku moja. Kijana naye akajibu kwamba Glock yenyewe ni ya juzi tu, miaka ya 1980, na watu waliitilia shaka kwa kuwa kiunzi chake ni cha plastiki.

Kwa hesabu ya dukani, mimi ningempa haki yule kijana. Lakini alikuwapo mzee wetu mmoja, dereva wa lori apelekaye mizigo Lodwar na Kakuma, aliyekuwa kimya muda wote. Akaweka kikombe chini, akauliza: "Na ukifika Kainuk, mwanangu, hiyo bastola utaifanyia nini?"

Kainuk ni mji mdogo katika barabara ya Kitale kwenda Lodwar, pale Turkana inapopakana na Pokot Magharibi. Huko bastola, ya rahisi au ya jina, ni kama kisu cha kumenyea machungwa. Mchungaji alalaye nje na ng'ombe hutaka bunduki ndefu, na aghalabu ni Kalashnikov. Polisi wa akiba wamekuwa wakipewa na serikali G3 ya Kijerumani, yenye nguvu zaidi na ifikayo mbali zaidi. Barazani tungesema G3 ndiyo bora. Lakini risasi za bunduki hizi mbili, ingawa upana wake ni ule ule wa milimita 7.62, haziingiliani: ganda la moja lina urefu wa milimita 39, la pili 51. Bunduki ya jina bila risasi yake ni rungu zito, basi. Za Kalashnikov zilizagaa Uganda, Sudan na Ethiopia, na mchungaji alichagua kwa hilo, wala hakuuliza jina la kiwanda.

Jirani zao Wakaramojong wa Uganda waliwahi kuwa na silaha rahisi kuliko zote. Walizifua wenyewe kwa mabomba ya chuma, wakaziita amatida. Je, walitosheka nazo? Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, kambi ya jeshi ya Moroto iliporwa, na bunduki za kisasa zikasambaa nchi nzima ile hadi ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana siamini kwamba silaha hafifu ni jambo dogo. Aliyezoea kuilinda zizi kwa bomba la chuma hungoja tu siku ya kupata iliyo bora, na jirani yake akiiona, naye hutafuta.

Nasi watu wa pwani tusijifanye wageni wa habari hii. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, ndiye aliyeuongoza msafara wa Teleki uliofika Ziwa Turkana mwaka 1888, na misafara ya namna ile haikwenda mikono mitupu. Magobori yalipitia bandari zetu kwa maelfu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipokuja kuzuia silaha, ulizilenga zile mpya zenye mitutu ya mifuo, ukaziachia nafasi bunduki za gumegume ziendelee kuuzwa. Yaani wakubwa wa Ulaya nao walikaa wakabagua baina ya rahisi na bora, wakaona rahisi haina madhara kwa Mwafrika kumuua Mwafrika mwenziwe. Hapo ndipo ninapokasirika kila nikiyakumbuka. Dini yetu haikuweka daraja hizo: Mtume (S.A.W.) alikataza hata kumwelekezea ndugu yako chuma kwa mzaha, na hakuuliza chuma kimefuliwa wapi.

Februari 2023, baada ya askari wa polisi kuuawa katika njia hiyo ya Kainuk, serikali ilipeleka jeshi na kuwapa wenye silaha haramu siku tatu wazisalimishe. Mzee wetu amepita huko kabla na baada. Tukamwuliza yeye hutembea na silaha gani. Akacheka. Akasema akikaribia daraja la Kainuk hutazama kando ya barabara. Akiona mbuzi wanachungwa na watoto, hupita. Asipoona mbuzi wala mtoto, husimama na kungoja wenzake, hata ikiwa mpaka asubuhi.

Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akauliza tena bei ya ile ya Kituruki. Mzee alikwisha inuka kwenda kutia udhu wa magharibi.