Shilingi sawa kwa nyumba zisizolingana

Kodi ya majengo nchini Tanzania haiulizi nyumba ina thamani gani. Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida inalipiwa shilingi 18,000 kwa mwaka, na jengo la ghorofa mijini shilingi 90,000 kwa kila sakafu. Fedha hizo hukatwa kidogokidogo mtu anaponunua umeme wa kulipia kabla, yaani LUKU: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mfumo huu una watetezi wengi mitaani, nao husema mambo mawili: kwamba kiwango kimoja kwa wote ndiyo haki, na kwamba mthamini akishaonekana mtaani, kinachofuata ni kunyonywa. Yote mawili si kweli, na anayeumia zaidi kwa kuyaamini ni mwenye nyumba ndogo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ichukuliwe nyumba ya vyumba vitatu Mbagala, Dar es Salaam, yenye thamani ya shilingi milioni 30. Kwa kulipa 18,000, mwenyewe anatoa asilimia 0.06 ya thamani yake. Nyumba ya Masaki, jijini humo humo, isiyo na ghorofa, yenye bwawa la kuogelea na thamani ya milioni 900, inalipiwa 18,000 hiyo hiyo, yaani asilimia 0.002. Kwa kila shilingi ya mali yake, mtu wa Mbagala anatozwa mara thelathini ya mtu wa Masaki. Tena kuna kituko kikubwa zaidi. Mtu wa Manzese aliyebanwa na kiwanja akaamua kupandisha ghorofa ili watoto wapate pa kulala, sakafu moja tu ya nyumba yake inalipiwa mara tano ya kasri la Masaki lililotandazwa chini. Kinachotozwa hapo ni umbo la jengo, na mwenye kiwanja kikubwa ndiye anayeweza kulichagua umbo la bei nafuu.

Hata sheria yenyewe haiuamini usawa huo wa shilingi. Nyumba za udongo na za makuti hazitozwi, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato husamehewa nyumba anayoishi. Maana yake imeshakubalika kwamba nyumba hazilingani na wenye nyumba hawalingani. Lakini ukishavuka mstari wa bati na tofali za saruji, tofauti zote za thamani zinafutwa.

Hofu ya uthamini nayo hutokana na kutojua kodi ya thamani inavyokokotolewa. Wengi hudhani thamani ikipanda maradufu, bili nayo lazima ipande maradufu. Bili ni zao la vitu viwili: thamani aliyoiandika mthamini, na kiwango kinachopangwa na mamlaka yenye kutoza. Tuseme nyumba zote za kata moja zina thamani ya shilingi bilioni 10, na halmashauri inahitaji milioni 15 kutoka humo. Kiwango kitakuwa asilimia 0.15, na nyumba ya milioni 30 italipiwa 45,000. Thamani zote zikipanda maradufu na mahitaji yakibaki yale yale, kiwango kinashuka hadi asilimia 0.075. Nyumba ile, ambayo sasa ni ya milioni 60, italipiwa 45,000 zile zile. Anayepandisha jumla ya makusanyo ni anayepanga kiwango. Mthamini hugawa tu mzigo kati ya nyumba na nyumba. Lawama nyingi anazobebeshwa mthamini zilipaswa kupelekwa kwa wanasiasa.

Nairobi inaonyesha jambo hilo kwa namba za kushangaza. Huko kodi hutozwa kwenye thamani ya kiwanja, bila kuhesabu jengo lililosimama juu yake. Kwa miongo kadhaa jiji lilitumia daftari la thamani la mwaka 1980, na kwa kuwa thamani zilizoandikwa humo zilikuwa zimechakaa, kiwango kikapanda hadi asilimia 34. Thamani zilipohuishwa, kiwango kilichopangwa kikawa asilimia 0.115. Bili zinazopanda katika zoezi kama hilo ni hasa za maeneo yaliyopanda bei kuliko mengine, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakibebwa na wenzao miaka yote hiyo.

Tanzania nayo haikuanza na kiwango bapa. Sheria ya Ukadiriaji ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1983 iliweka daftari la uthamini, na thamani iliyohesabiwa ni ya jengo, bila ardhi, kwa kuwa ardhi ina kodi yake ya pango. Chini ya utaratibu huo mwenye nyumba aliweza kuiangalia thamani aliyoandikiwa na kuipinga. Chini ya 18,000 hakuna cha kupinga. Namba ni moja, imekwishapangwa.

Ajabu ni kwamba huyu huyu anayemkimbia mthamini humtafuta kwa udi na uvumba siku barabara inapopita kwenye kiwanja chake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia ifuate thamani ya soko, na hapo hakuna anayedai wote walipwe sawa. Benki nayo ikitaka kumkopesha, anataka nyumba yake ipimwe vizuri na kwa ukamilifu.

Hoja moja ya wapinzani wa uthamini ina uzito: kuthamini nyumba moja moja ni gharama, na halmashauri nyingi zilishindwa kuthamini hata nusu ya majengo yao. Ni kweli, na LUKU imefuta foleni. Ila njia ya kukusanya haina uhusiano wowote na kiasi kinachotozwa. Mita inaweza kukata kiasi chochote ilichoelekezwa. Halmashauri zinaweza kuanza kwa madaraja: eneo, ukubwa wa jengo na aina ya ujenzi. Mambo hayo matatu yanatosha kuitenganisha Mbagala na Masaki bila mthamini kugonga kila mlango. Katika kufanya hivyo lirekebishwe na suala la mpangaji, ambaye kisheria si mlipaji wa kodi hii, lakini ndiye anayekatwa kila anaponunua umeme, kisha analazimika kumwomba mwenye nyumba ampunguzie pango.

Viwango hivi hubadilishwa na Bunge kupitia Sheria ya Fedha, inayojadiliwa kila Juni. Wabunge wa majimbo ya nyumba ndogo ndio wengi humo. Wapiga kura wao wawaulize kwa nini bado wanapitisha kodi ambayo, kwa kila shilingi ya mali, inamtoza mtu wa Mbagala mara thelathini ya mtu wa Masaki.