KAMBA MOJA KWA SHINGO ZOTE



Neno tulitialo leo katika karatasi hii si la kupigiwa makofi, na huenda baadhi yenu mkatuuliza: chama kina haja gani na wauaji? Haja tunayo. Huyo aitwaye muuaji aweza kuwa mtoto wa mmoja wetu, aliyeugua akili mbele ya macho ya mtaa mzima, na mtaa ukanyamaza mpaka siku ya damu.

Waingereza waliiandikia Tanganyika Kanuni ya Adhabu mwaka 1945, na uhuru ulipokuja mwaka 1961 kanuni ile ikarithiwa pamoja na viti na meza. Kifungu chake cha 197, hicho kilichokuja kushitakiwa mbele ya Mahakama ya Afrika, kilimwamuru jaji neno moja tu: aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, na afe. Ukimtoa mwenye mimba na aliyekuwa hajatimiza miaka 18, jaji hana la kupima. Yeye ni mpiga mhuri.

Tuseme watu wawili. Wa kwanza amekesha kichakani na panga lake akimvizia mwenzake kwa ajili ya fedha. Wa pili ana miaka mitatu anasikia sauti asizozisikia mtu mwingine, hali wala halali, na alfajiri moja akamuua nduguye wa tumbo moja kwa kuyakinisha kuwa amemtilia sumu. Alijua lile ni panga, na alijua yule ni nduguye. Kwa hiyo jopo la wanasheria laweza kusema si mwendawazimu. Je, ni mzima? Mama yake mwenyewe, aliyefiwa na mmoja na kusubiri kunyongewa wa pili, atakujibuni. Walakini sheria imejenga milango miwili tu, wa wazima na wa wendawazimu, na aliyesimama katikati husukumwa katika mlango wa kamba.

Na lililo ajabu zaidi ni kuwa sheria hiyo hiyo inakiri kuwa katikati kuna watu. Someni kifungu cha 199. Mama akimuua mwanawe asiyetimiza miezi 12, na akili yake ikawa haijatulia kwa sababu ya uzazi au ya kunyonyesha, kosa lake huhesabiwa kama kuua bila kukusudia, na hapo jaji hupewa nafasi ya kupima adhabu. Hiyo ni haki, nasi hatuipingi. Twauliza tu: huruma hiyo mbona imefungiwa katika chumba cha uzazi? Ati ugonjwa wa akili huwa kweli mtoto akiwa na miezi 11, ukawa uongo akifika 13?

Hao waliotuandikia kanuni walijirekebishia mambo yao kwao. Huko Scotland, tangu mwaka 1867, katika kesi ya Dingwall aliyemuua mkewe, mahakama ilikubali kuwa udhaifu wa akili, hata usiofika kuwa wazimu, waweza kulishusha kosa. Mwaka 1957 Bunge la Uingereza likaitia hukumu hiyo katika sheria yake: mwenye dhima iliyopungua asihesabiwe muuaji wa kukusudia. Miaka minne nzima walikuwa wangali wakiitawala Tanganyika, na kifungu hicho hawakukileta. Dawa wakainywa wao, sisi wakatuachia kamba.

Lakini wakoloni wameondoka zamani, na hatuwezi kuwalaumu wao mpaka kiama. Malawi iliivunja hukumu ya kifo ya lazima mwaka 2007, Uganda mwaka 2009, Kenya mwaka 2017, zote kwa njia ya mahakama. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, ambayo imekaa Arusha, katika ardhi ya Tanzania yenyewe, ikatoa hukumu kuwa kumfunga jaji mikono hivyo ni kuvunja haki ya kuishi, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuiondoa lazima hiyo. Serikali ilifanya nini? Wiki moja tu kabla ya hukumu ilikwisha wasilisha barua ya kuwazuia wananchi wasiende tena wenyewe katika mahakama hiyo. Na ule mwaka ukapita, kifungu kiko pale pale.

Tutaambiwa: Rais ana uwezo wa kusamehe, na tangu miaka ya tisini hakunyongwa mtu. Ni kweli. Hata Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kuwa hawezi kutia saini ya kunyonga. Basi kama mkono wa mkubwa wa nchi unatetemeka, mkono wa jaji unalazimishwa kwa nini? Na yule mgonjwa akae miaka mingapi akihesabu nyayo za askari kila alfajiri?

Wafiwa hatuwasahau. Hatudai mgonjwa afunguliwe mlango arudi mtaani kesho. Twadai daktari asikilizwe kabla ya adhabu kutamkwa, jaji awe huru kupima, na aliye wa hatari atunzwe mahali pa matibabu, hali yake ikitazamwa tena kila baada ya muda ulioandikwa, asije akasahauliwa humo.

Na hapa Visiwani asijifiche mtu nyuma ya Dodoma. Jinai si jambo la Muungano. Sheria zake hutungwa na Baraza la Wawakilishi. Mikutano ya matawi ikikaa, kila Mwakilishi na aulizwe mbele ya watu wake: mtu wa katikati, asiye mzima wala mwendawazimu kamili, wewe unamwekea mlango gani? Makatibu waliandike jibu kama lilivyotamkwa, walilete ofisini, nasi tutalichapa pamoja na jina lake.