Hizo njia za kona mnazozitafuta, kuna watu wanazipita usiku

Ndugu msikilizaji, na wewe mama uliye katika familia ya mapokezi unayesoma haya kwenye simu ya jirani, leo nina neno kwa watu wa pikipiki. Si kwa wamotari wetu wa kila siku wanaotafuta mkate. Nasema na wale wanaotafuta njia za kutembeza pikipiki Jumamosi na Jumapili: barabara ndogo, yenye kona nyingi, mlima upande huu na ziwa upande ule, isiyo na malori, isiyo na watu. Ombi hilo linafika redioni mara nyingi. Wengine ni vijana wa mjini waliopata mashine ya nguvu. Wengine ni ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wanaojitayarisha kuja likizo. Wengine ni wageni wa mashirika waliochoka na kuta za ofisi. Wote wanataka tuwatajie njia na majina ya vijiji, tuyaandike hapa kila mtu ayaone.

Sitayaandika. Na nitaeleza sababu, maana hata kati yetu sisi wa redio kuna wanaoona kwamba ninawanyima watu raha yao.

Kwanza tukubaliane kwamba nchi hii ni nzuri. Sisemi kinyume. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa Barabara ya Taifa namba 5 anaanza kwenye kimo cha karibu mita 1,500, anamaliza kando ya Tanganyika chini ya mita 800. Katikati kuna Ngomo. Hapo barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima, inajikunja na kujikunjua, na ukitupa jicho chini unaona bonde la Ruzizi, mto ukijinyonga kati yetu na majirani. Unashuka Kamanyola, jina lile ambalo Mobutu alilipenda hata akalipeleka kwenye uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ule unaoitwa leo Stade des Martyrs. Halafu Luvungi, Sange, Kiliba, ziwa. Ukiendelea kusini kwenda Makobola, Mboko na Baraka, milima ya Mitumba inasogea mpaka karibu na maji, na barabara inapita kwenye kamba nyembamba iliyobaki. Mtu wa pikipiki akisema moyo wake unaruka hapo, ninamwelewa. Wangu pia unaruka.

Lakini watu hawa hawaombi Ngomo. Ngomo wanaijua, wanasema ina malori na vumbi. Wanaomba zile za pembeni, zinazoacha barabara kubwa na kupanda juu, mahali ambapo, kwa maneno yao, mtu anaweza kwenda saa nzima bila kukutana na mtu.

Basi jiulize: kwa nini hukutani na mtu?

Katika nchi nyingine barabara tupu ni bahati. Hapa kwetu barabara tupu ni habari. Mlima wenye udongo mzuri, mvua ya kutosha, mihogo na maharagwe, hauwi mtupu wenyewe. Ukiona nyumba zimefungwa saa nne asubuhi, hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayekimbia nyuma ya pikipiki akipiga kelele, ujue wenyewe wako bondeni au kando ya ziwa, wamelala darasani au kanisani, au wamevuka kwenda Burundi. Kimya unachokisifu kina wenyewe. Nao wengine wako katika wasomaji wangu, wakisoma sifa za kona ya kwao kutoka kwa mtu aliyepita hapo kwa raha siku ya Jumapili.

Hilo lingekuwa maumivu tu, na maumivu watu wetu wamezoea kuyabeba. Kubwa zaidi ni hili: njia hizo si tupu kweli. Zinapitwa, lakini si saa zenu. Mama aliyeacha shamba lake juu anarudi kuchimba mihogo kabla ya jua kuchomoza na anashuka giza likiingia, kwa sababu chakula cha mgao kimechelewa au hakikuja kabisa. Familia inayokimbia mapigano haishuki kwa barabara kubwa yenye bariyeri, inashuka kwa njia ya pembeni ambayo babu aliijua. Njia hiyo inafaa kwa sababu haijulikani sana. Siku ukiitangaza imekwisha faida yake.

Najua jibu. Mtaniambia ramani ziko kwenye simu, satelaiti inaona kila kitu, mnatuficha nini? Satelaiti inaona mstari mwekundu wa udongo kati ya miti. Haimwambii mtu mwenye bunduki, awe wa upande wowote, kwamba mstari huo umefunguka wiki hii, kwamba daraja la miti limetengenezwa, kwamba kuanzia mahali fulani hakuna anayelinda, kwamba wanawake kumi na vikapu vyao walikuwa wakishuka saa kumi na moja jioni. Hayo anayaeleza mwenye pikipiki, bila nia mbaya, kwenye video yake ya dakika nane, na kamera iko kifuani ikionyesha kila kona. Anayetoza watu pesa njiani, au anayefanya mabaya zaidi ya kutoza, hahitaji mpelelezi tena. Amepewa bure, na saa za kupita amepewa pia.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni halijui mpaka aambiwe. Sauti ya pikipiki nyingi pamoja, kijijini, siku isiyo ya soko. Pikipiki moja ni muuguzi, mchuuzi au padri. Pikipiki sita zinazopanda mlima kwa kasi, watu wamevaa nguo nzito na kufunika nyuso, hiyo ina maana nyingine kwetu. Watu wanaacha sufuria motoni na kuingia porini na watoto. Wewe unapita, unapunga mkono, huoni mtu, unaandika kwamba kijiji kilikuwa kimetulia.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana huko pia kuna la kusema. Wapo wanaosema hakuna haki ya mtu kutembea kwa raha wakati wenzake wanalala chini ya turubai. Siwafuati hao. Watu waliokimbia vita hawakuacha kucheka. Wanacheza mpira, wanaoa, wanaimba kwaya, na kijana mmotari aliyepoteza kijiji lakini akaokoa pikipiki yake anaipangusa Jumapili kuliko shati lake. Raha haimwibii mtu. Tena mtu wa pikipiki akipita barabara kubwa anaacha pesa: ananunua mukeke wa kuchoma, ndagala, ndizi, esansi ya kwenye chupa, anazibiwa tairi. Vibanda vingi vya kando ya barabara leo vinashikwa na wanawake waliofika na mtoto mgongoni na hakuna kingine. Njoo ununue kwao. Ninachokataa si pikipiki.

Kwa hiyo pita barabara ya taifa, mchana, na uipite kama njia ya watu. Ngomo si mchezo. Lori linaloshuka na mzigo haliwezi kubaki upande wake kwenye kona iliyofungana, linahitaji barabara nzima. Basi piga honi kabla ya kila kona usiyoona mwisho wake, shika ukingo wa kulia, na shuka kwa vitesi vidogo ukiacha injini ikuzuie. Anayeshuka akishikilia breki tu mlima wote, zinachoka kabla ya Kamanyola. Mvua ikinyesha, ngoja. Udongo ule mwekundu ukilowa hautofautishi mzoefu na mgeni. Na kaske ziwe mbili. Ninaona wengi mwenye kushika usukani amevaa kaske ya dola nyingi, na msichana aliye nyuma amefunga kitambaa.

Ukifika Sange, punguza mwendo, hata kama barabara imenyooka na mkono unakuwasha. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo likaungua, wakafa watu zaidi ya 230. Wengine walikuwa wamekimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa wamekaa ndani wakitazama Kombe la Dunia kwenye televisheni. Mtu aliyezaliwa Sange hasikii sauti ya gari linalokwenda mbio kama unavyoisikia wewe.

Vivyo hivyo kwa wanaopenda upande wa Ziwa Kivu, barabara ya Kalehe kuelekea Minova. Kweli, kona zinafuata maji na visiwa vinaonekana. Lakini mkipita Bushushu na Nyamukubi mkaona mawe makubwa yametapakaa kutoka mlimani hadi ziwani, msiweke pikipiki juu yake kupiga picha. Mwezi Mei 2023 maji na mawe yalishuka hapo, tukahesabu maiti zaidi ya 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Chini ya mawe kuna watu.

Na kwa kuwa tunazungumza barabara, niwaguse na wakubwa wetu. Wasafiri wengi wa Bukavu kwenda Uvira wamezoea kuvuka kuingia Rwanda, kupita Bugarama na kurudi Congo kwa Kamanyola, kwa sababu ya hali ya Ngomo. Mtu anatoka mji mmoja kwenda mwingine wa jimbo lile lile, na anavuka mpaka wa taifa mara mbili. Mpaka ukifungwa, mgonjwa na mchuuzi wanarudi Ngomo, wapende wasipende. Tangu nikiwa mtoto tunasikia kwamba itatengenezwa. Kuna maafisa wanaosifu mandhari yake kwenye hotuba na kusema ina nafasi katika utalii. Kona ni nzuri kwa aliyekuja kuitazama. Kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa aliye kwenye kiti cha nyuma cha TVS, kona ya Ngomo ni mashimo, na ukingo hauna hata jiwe la kuzuia.

Mkitaka kiongozi, wapo. Vijana wamotari waliokimbia kutoka milimani wanajua kila bonde kuliko ramani yenu. Lipeni siku yake bei ya haki, mwende naye mbele. Lakini akisema njia ile hatupiti, msimwongezee pesa ili abadili neno. Ana mtoto wa kulisha, na anaweza kukubali. Hapo mtakuwa mmenunua hatari yake kwa dola kumi.

Video mnayo tayari? Kateni sehemu za vijiji, za bariyeri, za watu wenye mizigo. Msiweke mstari wa safari unaoonyesha mahali na saa. Wekeni ziwa, wekeni nyuso zenu, wekeni samaki.

Upande wetu wa redio tutafanya hivi. Kila Ijumaa jioni baada ya habari tutasoma hali ya barabara kubwa tu: wapi daraja limekatika, wapi lori limelala, wapi kuna tope, kama Ngomo inapitika. Madereva na wamotari wanaofika jioni ndio watakaotuambia. Njia za juu hatutazisoma, hata ukipiga simu ukizitaja kwa jina.