WiFi ya nyumbani isiwe ya TV peke yake

UE zinakaribia na nina rundo la notsi za saikolojia ya elimu hazijaguswa, lakini hili limenikaa kooni tangu likizo. Acha niliseme kwanza, halafu nikasome.

Siku hizi nyumba ikiwa na uwezo kidogo inataka WiFi ya meshi. Kwa ambao hamjaiona: badala ya ruta moja, unakuwa na vifaa viwili au vitatu vilivyosambazwa ndani ya nyumba. Vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, na simu yako inahama toka kimoja kwenda kingine bila wewe kubadilisha jina la WiFi wala paswedi. Kitu kizuri, sibishi. Ninachobishia ni pale tunapoviweka.

Likizo nimepita nyumba kadhaa za ndugu hapo Dar, na mpangilio ni ule ule. Sebuleni kuna meza ya TV, king'amuzi, redio kubwa, na ruta imefichwa nyuma ya TV. Anakuja fundi na meshi, kifaa cha kwanza anakibana hapo hapo nyuma ya TV, cha pili koridoni hatua chache tu, cha tatu chumbani kwa baba ili aangalie mpira kitandani. Chumba cha nyuma kabisa, anapolala mdogo wetu wa kidato cha nne, hakipati kitu. Ukimtafuta utamkuta sakafuni sebuleni anapakua pastpepa huku tamthilia inaunguruma juu ya kichwa chake. Matokeo yakitoka tunauliza eti shule inafundisha nini!

Msimamo wangu ni huu: meshi ipangwe kuanzia pale mtoto anaposomea, na TV itafutiwe waya. Wala TV haitapoteza kitu.

Kwanza, TV haihami. Ikishawekwa pale imewekwa. Simu na laptop ndo vinatembea, kwa hiyo hewani waachiwe wao. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa HD kamili na Mbps 15 kwa 4K, na waya wa mtandao wa mita tatu toka kwenye kifaa cha kwanza mpaka kwenye TV unabeba hizo kirahisi sana. Meshi nyingi za bei nafuu zina redio mbili tu, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Kama hakuna waya kati ya kifaa na kifaa, redio ile ile inapokea na kupitisha, na spidi inaweza kushuka karibu nusu kila inaporuka kwenda kifaa kingine. Sasa TV ikikaa hewani saa tano mfululizo, mtu wa chumba cha nyuma anapata makombo.

Pili, nyuma ya TV sio mahali pa ruta. Ile TV ni bapa lenye chuma ndani, linaziba. Isogeze pembeni, iweke juu, mahali pa wazi. Halafu kumbuka kuta zetu ni za tofali za simenti, na 5 GHz inachoka ukutani haraka kuliko 2.4. Kwa hiyo kifaa cha pili usikitupe ndani kabisa ya chumba kisichoshika. Kiweke katikati ya safari, pale ambapo bado kinaisikia vizuri sebule.

Tatu, waya wa dishi. Kuna watu wanasema si waya wa TV umeshapita ukutani, upitishe intaneti humo humo. Vifaa vya kazi hiyo vipo kweli, vinaitwa MoCA, na Marekani kwenye nyumba zenye TV ya kebo vinatumika sana. Ila waya wa dishi ni habari nyingine. King'amuzi kinapandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenye waya huo huo kwenda LNB, na mawimbi yanayoshuka yako kati ya MHz 950 na 2150. MoCA ya nyumbani inatumia 1125 hadi 1675. Yaani wanagombania barabara moja. Waya wa dishi uachwe ufanye kazi yake, wewe vuta waya wa mtandao. Kama kuna waya wa antena ya zamani umebaki ukutani hauna kazi, hapo sawa, unaweza kuutumia.

Nne, ile kesi ya simu kutoiona TV unapotaka kurusha video. Mara nyingi TV imebaki kwenye ruta ya zamani na simu iko kwenye meshi, ambayo imetengeneza mtandao wake pembeni. Zima WiFi ya ruta ya zamani, na TV uichomeke kwenye meshi. Wakiwa familia moja wataonana.

Najua kuna mtu atasema, baba ndo analipia kifurushi, TV ni yake. Sawa, na namheshimu. Lakini hapa hanyang'anywi kitu, TV yenye waya haikwami dakika ya tisini. Pia tusidanganyane: meshi haiongezi intaneti uliyonunua, inaigawa tu. Ukinunua Mbps 10 zitabaki 10. Na kwa kuwa ni kugawa, lazima mtu aamue anaanza kumgawia nani. Mie mwalimu mtarajiwa, naanza na mwenye mtihani.

Kwa hiyo wadau, mkirudi nyumbani semista ikiisha, kabla ya kumwita fundi zungukeni na simu mkononi chumba hadi chumba, muone nani hapati. Mkiwa na hoja tofauti nitafuteni baada ya UE. Nawasilisha.