NYANYA ZAOZA MKANGE, MJINI TWALAMBA KOPO

WAHENGA walisema akiba haiozi. Wangepita Mkange wakati nyanya zimeiva kwa mkupuo, wangekaa chini, wakashika tama na kuitazama upya methali yao. Maana akiba ya kule inaoza mchana kweupe, mwenye mali anaona, mbuzi anaona, diwani anaona, na hakuna anayeshtuka.

Kwa wale ambao ramani yao inaishia Bunju, Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Ukivuka Mto Wami kuelekea Hifadhi ya Saadani, uko jirani. Siyo mwisho wa dunia. Vijana wengi wanaopiga debe Mbagala, Manzese na Tandale wametoka sehemu kama hizo, na wengi wao ukiwauliza kilichowatoa nyumbani watakwambia ni kilimo. Siyo kwamba kilimo kilikataa. Mazao yalikubali, lakini yakakosa pa kwenda.

Tuseme ukweli kuhusu nyanya. Mama ana bustani nyuma ya nyumba, matuta matano tu, anamwagilia kwa ndoo. Miezi miwili na ushee haoni kitu. Halafu wiki moja zinaanza kuwa nyekundu, na wiki ya pili zote nyekundu. Anapika mchuzi, anagawia jirani, jirani naye anazo. Anapeleka gulioni, anakuta wenzake wote wamepeleka nyanya. Anakuja jamaa na pikapu kutoka mjini, anaangalia tenga lililojazwa mpaka likavimba lumbesa, anataja bei ambayo hairudishi hata pesa ya dawa. Mama akigoma, jamaa anawasha gari. Anajua kesho kutwa nyanya zitakuwa zinavuja maji na bei atapanga yeye. Hiyo ndiyo soko huria ya mlalahoi: uhuru ni wa mwenye gari.

Sasa njoo Dar. Nyanya hiyo hiyo imetikiswa kwenye mashimo, imepondeka, inamwagwa sokoni Ilala au Mabibo. Nzuri zinakwenda kwa wenye nazo, zilizobonyea zinaitwa masalo na kupelekwa kwa mama ntilie. Na wewe kijana unayekaa chumba kimoja unaingia dukani kwa Mangi kununua nyanya ya kopo. Umewahi kusoma maandishi ya kopo hilo? Mengi yametoka China au Italia. Nyanya imepanda meli, imevuka bahari, imelipiwa bandarini, imefika mezani kwako kabla ya nyanya ya Mkange. Tucheke au tulie?

Siri ya kopo siyo uchawi. Nyanya ni maji. Katika kilo 100 za nyanya mbichi, kama kilo 94 ni maji matupu. Kwa hiyo anayepakia nyanya mbichi kwenye lori kuja Dar anawalipa wenye magari wabebe maji, na maji yenyewe yanaoza njiani. Mchina na Mwitaliano wanayatoa maji kwanza kiwandani, kisha wanasafirisha kinachobaki. Ukichemsha nyanya zako mpaka zibaki theluthi moja, umeokoa theluthi mbili za nauli. Ukizikausha kabisa, kilo 20 zinabaki kama kilo moja, na hiyo kilo moja haimwogopi dalali. Inaweza kukaa miezi mpaka nyanya ziadimike, na siku hiyo bei utapanga wewe.

Hapo ndipo wakubwa wanaporukia na wimbo wao: kiwanda! Tumeusikia sana. Mwaka 2017 mikoa yote iliagizwa kuwa na viwanda 100 kila mmoja ndani ya mwaka mmoja, na mkoa wetu wa Pwani ukajitapa kuwa kinara. Ni kweli viwanda vipo. Pale Pingo, Chalinze, kuna kiwanda cha vigae. Pale Mboga kuna cha kusindika matunda. Sivibezi, vijana wamepata vibarua. Lakini tusidanganyane, kiwanda kikubwa siyo dawa ya mama mwenye matuta matano.

Waulizeni Waghana. Huko Pwalugu, kaskazini mwa nchi yao, walijengewa kiwanda cha nyanya katika miaka ya 1960, enzi za Nkrumah. Kikafanya kazi, kikasimama, kikafufuliwa, kikasimama tena, huku nchi ikigeuka mnunuzi mkubwa wa nyanya za kopo kutoka nje. Waulizeni Wanigeria. Machi 2016 tajiri Dangote alifungua kiwanda karibu na Kano chenye uwezo wa kumeza tani 1,200 za nyanya mbichi kwa siku. Miezi michache tu baadaye kikasimama. Nyanya hakuna! Mdudu aliyavamia mashamba, yule yule aliyeingia kwetu mwaka 2014 na wakulima wakambatiza jina la kanitangaze.

Funzo ni nini? Kiwanda kinataka nyanya nyingi, za aina moja, kila siku, kwa bei ya chini. Mama wa Mkange ana nyanya nyingi wiki tatu tu kwa mwaka, na anachotaka ni bei nzuri. Hao wawili hawaoani hata mkiwafungisha ndoa ya serikali. Ziada ya bustani inaokolewa pale pale bustanini, kwa sufuria, chupa na jua.

Na kabla hujadharau sufuria, kumbuka historia. Aliyeanzisha mambo ya chakula cha kopo hakuwa profesa. Alikuwa mpishi wa Kifaransa, Nicolas Appert, mtengeneza peremende. Serikali yake ilitaka chakula kisichooza kwa ajili ya jeshi, naye akajaza chakula kwenye chupa za kioo, akaziba kwa kizibo, akazichemsha ndani ya maji. Mwaka 1810 akalipwa faranga 12,000. Hakujua bakteria ni nini, maana Pasteur alikuja kuyaeleza hayo miongo mitano baadaye. Alikuwa na sufuria na subira.

Hebu tuingie jikoni, wanaume msikimbie. Chagua nyanya zilizoiva na ngumu. Yenye ukungu au iliyooza usiokoe hata kipande, tupa. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka kama nusu dakika, zitie maji baridi, ganda litavuka lenyewe. Ponda, chemsha, chuja mbegu ukipenda, endelea kuchemsha mpaka zizito. Kisha weka ukali. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma mara mbili. Nyanya zina uchachu, lakini siyo zote zina uchachu wa kutosha kumzuia mdudu anayetoa sumu ndani ya chupa iliyofungwa, sumu inayopoozesha na kuua bila hata kubadilisha harufu. Kwa kila chupa ya lita moja tia nusu kijiko cha chai cha ndimu ya unga, ile inayouzwa dukani. Chupa ya nusu lita, robo kijiko. Limau la mtini lisikudanganye, moja kali jingine maji.

Jaza zikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, acha nafasi ndogo juu, funga kwa kifuniko kipya kinachobana. Kisha zizamishe chupa zote kwenye sufuria la maji yanayochemka, maji yapite juu ya vifuniko, dakika 35 kwa chupa za nusu lita na dakika 45 kwa za lita. Kitunguu, kitunguu saumu na mafuta usitie, hivyo vinapunguza ukali wa nyanya. Utavitia siku ya kupika. Baadaye ukikuta kifuniko kimevimba au povu linatoka, usionje. Mwaga.

Kukausha nako kuna shilingi yake, ila Pwani siyo Dodoma. Upepo wetu una maji ya bahari. Ukianika nyanya juu ya mkeka Aprili wakati wa masika, utavuna ukungu. Subiri jua la kiangazi, kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi, na ya kwetu haiko mbali kwani mashamba ya chumvi yapo hapo hapo Saadani. Tengeneza sanduku la mbao, chini lipake rangi nyeusi, katikati tandaza wavu, juu funika nailoni nyeupe, pembeni toboa matundu ya hewa yenye wavu wa kuzuia nzi. Vipande vikiwa kama ngozi na havitoi maji ukivibana, vifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa. Watu wa Pwani tunajua ng'onda, tunajua makopa. Nyanya imetukosea nini?

Na dawa ya kwanza kabisa ni bure: usipande zote siku moja. Panda tuta moja, baada ya wiki mbili jingine. Mbegu fupi zile huivisha kwa mkupuo, ndefu za kufungia miti huivisha polepole. Changanya.

Najua mtaniambia hizo ni kazi za kina mama. Sawa. Lakini chipsi anakaanga nani mjini? Pweza anachemsha nani Kariakoo usiku? Supu ya asubuhi stendi anapika nani? Wanaume, na hakuna aliyeota matiti. Kazi ikiwa na pesa haina jinsia. Vijana watano wa kijiwe kimoja wakichangishana sufuria kubwa, chupa na nauli ya kwenda nyumbani wakati wa mavuno, wakanunua zile nyanya kwa bei ya haki kabla hazijawa masalo, wana mtaji mkononi. Mama naye hapangiwi bei na mwenye pikapu.

Sasa nigeuke kwa wakubwa, maana hawawezi kukaa kivulini wakati sisi tunachemka. SIDO ipo tangu mwaka 1973 na kazi yake ni viwanda vidogo. Mafunzo ya usindikaji wanayo, lakini yafike Mkange siyo yaishie ukumbini makao makuu ya mkoa, watu wakagawiwa soda na posho. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilitolewa TFDA ikapelekwa TBS. Vizuri, lakini kijana wa Mkange anayetaka alama ya ubora asipigwe danadana za njoo kesho. Msimtoze kama mnavyomtoza mwenye kiwanda. Sipendi mlegeze usalama, sumu ni sumu. Nataka mkaguzi amfuate mpikaji na kumfundisha, badala ya kumvizia sokoni na kumnyang'anya chupa.

Na chupa zenyewe! Chupa ya kioo yenye kifuniko kizuri inaweza kumgharimu mpikaji mdogo kuliko nyanya zilizomo ndani. Halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao haiwezi kuagiza chupa kwa jumla ikawauzia vikundi bila faida? Ushuru mnaujua barabara, tenga likipita kizuizini hamlikosi. Tenga likioza mnakuwa wapi?

Barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Mkange na Saadani hadi Pangani na Tanga imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande. Tunaishangilia. Lakini barabara ina njia mbili. Itatoa nyanya Mkange, na itapeleka kopo la Mchina Mkange. Lami haichagui. Kitakachoamua ni nani amewahi kujaza chupa yake.