Mtambo Bila Ustadi ni Chuma Tu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo huelekezwa mara nyingi kwa wenye maduka, lakini lawahusu pia wenye viwanda. Shahidi ni kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na mji wa Jinja nchini Uganda.

Kiwanda hicho kiliasisiwa mwaka 1930 na mfanyabiashara Muljibhai Madhvani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini, na wenye Kakira wakaondoka. Mashamba yalibaki, na mitambo ilibaki pia. Hata hivyo sukari ilipungua mwaka hata mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikawa yaagiza sukari kutoka ng'ambo.

Vita na uhaba wa fedha za kigeni vilichangia. Lakini kilichoondoka kwanza ni elimu ya kupanga. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza utamu, nao hauna budi kusagwa mapema. Hivyo lazima awepo ajuaye shamba lipi likatwe leo, lori lipi libebe, na kipuri kipi kiagizwe kabla kile cha zamani hakijavunjika. Lazima pia ajue kutenga sehemu ya mapato ya leo kwa ajili ya miwa itakayovunwa baada ya mwaka na zaidi.

Familia hiyo ilirejea mwaka 1985 kwa ubia na serikali, na kiwanda kikafufuliwa. Leo Kakira hununua miwa ya maelfu ya wakulima wa jirani. Makapi ya miwa nayo huchomwa kuzalisha umeme, na ziada yake huuzwa katika gridi ya taifa. Kuona mali ndani ya makapi ndio ustadi wenyewe.

Ustadi huo hauna rangi wala kabila, nao hufundishika. Hatari ni kuuacha katika vichwa vya wachache, maana wakiondoka huondoka nao. Mama apikaye sabuni uani, akaandika gharama ya mafuta na magadi, akajua faida ya kila mche na kumfundisha bintiye hesabu hiyo, ameanza vema. Siku atakapougua, sufuria haitapoa.